Wali Uliovishwa Maua

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika wachache. Sogeeni motoni, acheni kukaa mbalimbali kama watu waliogombana. Narudia tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Palikuwa na nyumba, nyumba ikawa na jiko, jiko likawa na mpishi, na mpishi hakuwa na mtu wa kula naye. Sasa tuianze taratibu.

Hapo zamani za kale, wakati watu na wanyama walipokuwa wakisalimiana njiani kila mmoja kwa jina lake, paliondokea mwanamke aliyeitwa Somoe. Somoe alipelekwa jumba la sultani akiwa mdogo, mdogo hata jina la mama yake hakulishika. Na katika jumba lile kila mtumishi alikuwa na kazi moja tu. Aliyepika hakupakua. Aliyepakua hakupamba. Aliyepamba hakupeleka. Kazi ya Somoe ilikuwa kupamba.

Basi alijua kupamba! Alishindilia wali ndani ya bakuli, akaugeuza juu ya sahani, ukasimama kama kuba. Alimenya nyanya kwa ngozi moja isiyokatika, akaizungusha mpaka ikawa waridi. Alikata limau jembamba, ukiliinua unaona kidole chako upande wa pili. Na akishamaliza, alitakiwa arudi nyuma ya pazia, asimame, atazame wakubwa wakila, asionekane. Sheria ya jumba ilisema: mpambaji haonekani akitafuna. Yeye alikula baadaye, stoo, kwa kusimama, chakula kikiwa kimeshapoa. Miaka ishirini na mbili alikula hivyo. Hakujua kwamba kuna namna nyingine.

Siku moja akaja fundi wa makubadhi, jina lake Vuai, kuleta viatu vya sultani. Akaona sahani ikipita barazani. Akauliza, "Nani kafanya hivi?" Akaonyeshwa Somoe. Akaposa, akakubaliwa, akamchukua mkewe mpaka kijijini kwake Ukwajuni, mwendo wa siku sita, kwenye mabonde ya mpunga.

Kila siku Somoe alimwandalia mumewe sahani iliyopambwa, kisha akarudi nyuma ya pazia akasimama.

"Njoo tule, mke wangu," Vuai alisema.

"Kula kwanza, mume wangu. Mimi baadaye."

Siku ya kwanza akamwita, akajibiwa baadaye. Siku ya pili akamwita, akajibiwa baadaye. Siku ya arubaini akamwita, akajibiwa baadaye. Siku ya arubaini na moja Vuai akashikwa na homa, na siku ya arubaini na tatu wakamzika.

Somoe akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hakutoka nje. Na ulikuwa msimu wa mpunga kuiva, ndege wengi, kila mwanamke shambani tangu alfajiri akiwinga ndege. Wakimletea chakula waliweka kizingitini, kimefunikwa kawa ya kusukwa kwa ukindu, wakasema, "Pole, bibi," halafu mbio kwenye mpunga. Somoe akazijua kawa za kijiji kizima, yenye ukili mwekundu, yenye ukili mweusi, iliyotoboka pembeni. Nyuso za wenye kawa hakuzijua.

Eda ilipokwisha, akaja Bi Kazija, mkubwa wa wanawake wa Ukwajuni. Mama mnene, mwenye magoti yanayolia akikaa na kulia akiinuka.

"Mwanangu," akasema, "hapa kwetu tuna desturi. Mjane aliyetoka mbali akimaliza eda hutupikia Ijumaa tatu. Mtu mmoja akitia mkono katika chakula chake, mmoja tu, basi ni mwenzetu mpaka siku ya kuzikwa. Ijumaa ya tatu ikipita asipatikane wa kutia mkono, tunamsindikiza mpaka njia panda, arudi kwao."

"Mimi sina kwetu, mama."

"Basi pika vizuri. Usihofu. Wanawake wa hapa ni walafi, hata mimi, siwezi kukuficha."

Somoe akacheka kidogo, kwa adabu, mkono mdomoni. Lakini usiku huo hakulala. Aliwaza: niwape nini watu hawa hata wanipende? Akaona hana kitu ila kile alichofundishwa.

Ijumaa ya kwanza ikafika. Akapika wali wa nazi na kuku wa kupaka. Akausimamisha wali kama kuba. Akachemsha mayai tisa, akayachonga kila moja maua ya kengele. Akazungusha asumini pembeni mwa sinia, ua moja, nafasi ya kidole, ua moja, nafasi ya kidole. Palipozidi akapunguza, akapima upya. Akafunika kawa, akatandika mkeka.

Wakaja wanawake kumi na wanne. Mbele Bi Kazija, nyuma yake Mize jirani, anayepakana na Somoe ukuta kwa ukuta, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mrefu. Wakakaa. Wakanawa. Somoe akafunua kawa, akawaambia, "Karibuni," akarudi nyuma ya pazia, akasimama, akatazama.

Wanawake wakalitazama sinia. Mmoja aliyekwisha kukunja mkono wa nguo akaushusha.

Bi Kazija akakohoa. "Mwenye nyumba, wewe huli?"

"Mimi baadaye," ikasema sauti nyuma ya pazia.

Wakatazamana. Wakakaa kidogo, ili wasionekane wanakimbia. Kisha wakasema, mmoja baada ya mwingine, "Tumeshiba, bibi. Ahsante, bibi. Mungu akuzidishie, bibi." Wakaondoka na mikono yao safi.

Mnataka kujua kwa nini? Wafuateni njiani muwasikie.

"Mmeona?" alisema Mize, chinichini. "Maua!"

"Na mayai," akasema wa pili.

"Na mwenyewe hali. Kasimama anatazama," akasema wa tatu.

"Ana pepo," akasema Mize. "Hicho ni chano cha pepo, jamani. Tungekula leo, kesho tungekuwa tunazungumza kwa sauti za watu wengine."

Ndiyo hivyo. Kule Ukwajuni mwenye pepo humwandalia pepo wake chano: wali, mayai, maua. Na yeye mwenyewe hagusi, hukaa pembeni akatazama. Chakula kile binadamu hakili. Chakula cha watu wazima wenye akili zao kilikuwa wali kwenye sinia, mchuzi juu yake, basi. Na mwenye nyumba hutia mkono wa kwanza, ili wageni waone kwamba ni salama.

"Si tumwambie?" akauliza mmoja.

"Wee!" akasema Bi Kazija. "Pepo wa mtu hatajwi mbele ya mwenyewe. Kwanza ni kukosa adabu. Pili, anaweza kukusikia, akapendezwa na sauti yako, akahama."

Basi wakanyamaza kwa adabu. Kila mmoja akaingia kwake.

Huku nyuma Somoe alibaki amesimama mbele ya sinia. Wali ulikuwa mzima. Hata ua moja halikuondoka mahali pake.

Dirishani akatua Kunguru.

"Hodi hapa?"

"Karibu, Kunguru. Kula, kisije kikaharibika."

Kunguru akala. Alikula mayai matatu kwanza, halafu akaanza kula. Somoe akamtazama, akamwuliza, "Wewe ni mwenyeji wa hapa. Hebu niambie, wenzangu hawakula kwa nini?"

Kunguru alijua. Kunguru wote wanajua, maana vyano vyote vya pepo kule Ukwajuni wanaokula ni wao, na asubuhi watu husema pepo amepokea. Akameza mnofu wa kuku, akafuta mdomo kwenye kizingiti, akafikiri: huyu akijua, nitakula wapi?

"Hukupamba vya kutosha," akasema. "Watu wa hapa ni wagumu. Wana macho. Ijumaa ijayo nyunyiza marashi. Choma udi karibu na chakula. Pamba tena, pamba sana."

"Ahsante, Kunguru. Wewe peke yako ndiye uliyeniambia kweli."

Kunguru akatazama pembeni. Kunguru nao wana aibu, lakini ndogo.

Ijumaa ya pili Somoe akapika tena. Wali wake akautia zafarani mistari saba. Akachonga mayai kumi na mawili. Akazungusha asumini safu mbili. Akanyunyiza marashi mpaka mkeka ukanukia. Akaweka chetezo cha udi pembeni mwa sinia, moshi ukapanda polepole.

Wakaja wanawake tisa. Harufu ya udi iliwapokea mlangoni. Wakakaa ukingoni mwa mkeka, makalio nusu ndani nusu nje.

"Mwenye nyumba, wewe huli?" akauliza Bi Kazija, na safari hii sauti yake ilikuwa kama ya kuomba.

"Mimi baadaye."

"Tumeshiba, bibi. Ahsante, bibi. Mungu akuzidishie, bibi."

Kunguru hakupiga hodi. Akaingia tu.

"Umekaribia," akasema, mdomo umejaa. "Umekaribia sana, nawajua hawa. Ijumaa ijayo weka asali, weka vipande vya miwa. Na uweke kitambaa chekundu chini ya sinia. Chekundu kabisa. Hapo hata wakiwa wagonjwa watakuja."

Lakini moyo wa Somoe haukutulia. Jumatatu akachukua mtungi, akaenda kisimani, jambo alilolifanya mara chache, maana akifika watu walinyamaza. Akawakuta wanawake watatu. Wakanyamaza. Akajaza mtungi wake polepole, akasema, "Dada zangu, nauliza tu, msinione mjuaji. Chakula changu kina kasoro gani?"

"Hakina kasoro, bibi. Kizuri," akasema wa kwanza.

"Kizuri sana," akasema wa pili.

"Kizuri mno," akasema wa tatu, naye alikuwa Mize. Akajitwika mtungi kabla haujajaa, akaondoka, maji yakimwagika mgongoni.

Somoe akarudi nyumbani. Njia ile ilikuwa fupi, hatua mia na themanini, alizihesabu. Mlangoni mwa kila nyumba aliyoipita alisikia watu wanaitana kula. "Wee, chakula kitapoa! Nani kakalia upande wangu? Mwacheni bibi apite!" Alipoingia kwake alifunga mlango, akasikia kwamba nyumba haina sauti ila ya mtungi uliokuwa ukitulia maji yake.

Akajiambia, nitapamba tena. Nitapamba sana.

Ijumaa ya tatu. Sitaki kuwaambia alivyofanya kazi siku hiyo, mtachoka. Aliamka kabla ya jogoo. Hakula, hakunywa. Kufika adhuhuri, sinia lilikuwa limekaa juu ya kitambaa chekundu, wali una kuba tatu zenye mistari ya zafarani, mayai ishirini na moja, asali kwenye vijaluba, miwa imekatwa sawasawa kama meno, waridi, asumini, mkadi, udi kushoto, udi kulia. Sultani mwenyewe asingethubutu kuligusa.

Wanawake walikuja wanne. Wakafika kizingitini, wakaona kitambaa chekundu. Hawakuingia.

"Mwanangu," akasema Bi Kazija, na macho yake yalikuwa na maji, "desturi ni desturi. Jua likichwa tutarudi. Funga mzigo wako."

Somoe hakulia mbele yao. Alisema, "Ahsante kwa kuja." Wakaenda.

Kunguru alikuwa juu ya boriti tangu asubuhi. "Mimi nianze?" akauliza.

Somoe akafunga mzigo: kanga mbili, kisu cha kuchongea, makubadhi ambayo Vuai alimshonea na ambayo hakuwa ameyavaa, kwa kuogopa kuyachakaza. Mzigo ulikuwa mdogo. Akaukalia. Akatazama ukuta. Na tumbo, wenzangu, halijui msiba. Likanguruma.

Akaingia jikoni. Chungu cha wali kilikuwa bado juu ya mafiga, kitupu, kimebaki ukoko tu chini, mweusi kidogo huku, wa kahawia huku, unanuka nazi iliyoungua. Ukoko haukuwa na mahali pake katika sinia la kupambwa, kwa hiyo aliuacha. Akachuchumaa sakafuni, akaingiza mkono, akabandua kipande, akala. Hakuna aliyekuwa akimtazama, hakuna wa kumsimamia. Ndipo machozi yalipokuja. Alikula na kulia, akajifuta kwa mkono wenye masizi, masizi yakaenea uso mzima. Akamkumbuka Vuai alivyokuwa akisema njoo tule, na sahani ikipoa, na yeye nyuma ya pazia akidhani anamheshimu.

Sasa huku nyumba ya pili, moto wa Mize ulikuwa umezimika. Kuni mbichi. Mtoto analia njaa, mume yuko bondeni, na majirani wengine wote wako kwa Bi Kazija wakisubiri jua lichwe. Moshi ulikuwa unatoka jiko moja tu. Mize akalitazama jiko hilo. Akasoma kila dua aliyoijua. Akachukua kigae, akaenda mlango wa nyuma.

"Hodi... samahani, bibi... nilikuwa naomba kaa la mo..."

Akakwama hapo. Akamwona Somoe amechuchumaa, uso mweusi, mashavu yamejaa, mkono umezama katika chungu mpaka kwenye kiwiko.

"Kumbe unakula!" akasema Mize.

Somoe akasimama upesi, akaficha mkono mgongoni kama mwizi. "Samahani. Samahani sana. Sikujua kama kuna mtu."

"Unakula ukoko!"

"Nilikuwa na njaa."

Mize akamtazama juu, akamtazama chini. Akaona mtu mwenye njaa, basi. Njaa ile ile aliyoiacha kwake ikilia kwenye mkeka. Na harufu ya nazi iliyoungua ikamfikia puani, na yeye pia hakuwa amekula tangu asubuhi.

"Ukoko wa nazi," akasema. "Na wewe unakula peke yako! Huna haya?"

Akakaa chini, akaingiza mkono.

"Hapana!" akasema Somoe. "Hicho si cha mgeni, dada. Ngoja nikupakulie. Ngoja nikupambie kidogo tu."

"Ukinipambia nakimbia," akasema Mize, mdomo umejaa. "Kaa chini."

"Mgeni akila mimi husimama."

"Ndiyo maana tunakuogopa! Kaa chini, Somoe!"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Ukwajuni kumwita kwa jina. Akakaa.

Basi hapo, mkono ukiingia na mkono ukitoka, Mize akamwambia yote. Akamwambia maua ni ya nini, na udi ni wa nini, na kitambaa chekundu ni cha nani. "Na unasimama nyuma ya pazia unatutazama! Mimi Ijumaa ya kwanza nusura nijikojolee. Tulisema una pepo, tena mkubwa, tena anayependa mayai."

Somoe alimsikiliza kinywa wazi. "Mayai alikuwa anakula Kunguru."

"Kunguru hula kila cha pepo. Nani asiyejua?"

"Mimi," akasema Somoe. "Mimi sikujua. Niliwauliza kisimani."

Mize akaacha kutafuna. Akatazama chini. "Kweli ulituuliza," akasema. Akabandua kipande kikubwa cha ukoko ili ajishughulishe.

"Hicho changu," akasema Somoe.

"Changu, nimekibandua mimi."

"Nilikuwa nimeanza kukilegeza upande huu!"

"Aa! Hujasindikizwa bado unagombania mali?"

Wakawa wanavutana, mmoja kashika huku, mmoja kashika huku, na ndivyo Bi Kazija na wanawake walivyowakuta jua lilipokuwa linachwa. Walibisha hodi mbele wasiitikwe, wakazunguka nyuma, wakasimama.

"Mize," akasema Bi Kazija, "umekula?"

"Nimekula."

"Chake?"

"Chake."

"Na yeye kala?"

"Kala kuliko mimi, mchoyo huyu!"

"Si kweli!" akasema Somoe, kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. "Kipande kikubwa kachukua yeye!"

Mmoja wa wanawake akacheka, akaziba mdomo.

Kunguru akaruka kutoka sebuleni, akatua juu ya ukuta wa jiko, manyoya yamemsimama. "Haihesabiki! Haikupambwa! Haikuandaliwa! Haina hata ua moja! Mtamwachaje mtu aliyewalisha ukoko?"

Bi Kazija akamtazama. "Wewe tangu lini unatetea adabu ya mezani?" Kisha akawageukia wanawake. "Mimi nimeona pepo wengi, na wengine nimewapikia. Wapo wanaotaka dhahabu, wapo wanaotaka damu ya jogoo. Sijaona pepo anayegombania ukoko. Huyu ni mtu. Mfungulieni mzigo wake."

Wakamfungulia. Ilikuwa kazi ya dakika moja, mzigo wenyewe mnajua ulivyokuwa. Mmoja akamshika bega. Mmoja akasema, "Utatusamehe." Mize akachukua kaa lake la moto kwenye kigae. Halafu, kwa kuwa jua lilikuwa limechwa na kila mtu alikuwa na chungu chake cha kuinjika, wakaenda makwao.

Somoe akabaki. Yeye na sinia.

Ukidhani alifurahi, alifurahi. Lakini nyumba ilikuwa ile ile, na kimya kilikuwa kile kile, na watu kumi na wanne waliokubali kwamba yeye ni mtu walikuwa wamefunga milango kumi na minne. Akasikiliza ukutani. Upande wa pili mtoto wa Mize alikuwa bado analia, na Mize alikuwa anapuliza moto wa kuni mbichi, akikohoa, akizitukana.

Akaingia sebuleni. Akaondoa asumini, moja moja, kwa mazoea. Halafu akaona atakesha, akazikumba kwa kiganja zote pamoja. Akaondoa waridi, akaondoa mkadi. Akavunja kuba tatu za wali, akazisambaza. Akamimina mchuzi juu, ukatiririka ulikotaka mwenyewe. Alifumba macho akimimina, maana ile mistari ya zafarani ilikuwa imenyooka kwelikweli.

"Na mimi je?" akauliza Kunguru.

"Wewe nimekuachia maua," akasema Somoe. "Si ulisema yanavutia?"

Akabeba sinia mikononi, akatoka, akasimama mlangoni kwa Mize. Alikaa pale muda. Mara akitaka kubisha, mara akitaka kurudi. Kuwekewa chakula kizingitini alikujua. Kubisha hodi wakati watu wanataka kula hakukujua, na aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Hodi," akasema, kidogo sana.

"Nani huyo tena wakati huu? Ingia, mlango si wa mbao za sultani!"

Ndani palikuwa na kiza cha moshi. Mize, watoto wake watatu, na mama mkwe wake, bibi kizee asiyeona. Mize akalitazama sinia. Akatazama kama kuna ua. Hakuna. Akamtazama Somoe. Somoe akaweka sinia juu ya mkeka, akapiga magoti, na kabla hajasema karibu, kabla hajasema lolote, akatia mkono wa kwanza, akala.

Watoto hawakungoja wa pili. Mikono ikaingia. Mize akaacha kuni zake, akaja. Somoe hakujua akae wapi wala ale upande gani. Mkono wake ukagongana na wa mtoto, akaurudisha haraka, akataka kuinuka.

Bibi kizee alikuwa anakula taratibu, vidole vyake vikipapasa ukingo wa sinia kama kawaida yake, ili asimwingilie mjukuu. Akaacha kupapasa. Akageuza uso.

"Leo mikono imezidi," akasema. "Huyu nani?"

"Ni Somoe, mama. Wa hapa ukutani."

Bibi akatafuna, akameza.

"Basi sogeeni," akasema.

Wakasogea.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mkeka wa Mize. Niliwaacha bado wanakula; nami sikuaga, nisije nikawakatiza.